Wifi ya nyumba inasumbua? Soma taa za rauta kabla upigie kampuni

Intaneti ya nyumba ni vipande viwili na watu wengi huvichanganya. Kuna laini, hio inatoka kwa nguzo, inaingia dirishani ama kwa kona ya ukuta mpaka kwa kiboksi cha kampuni, hio ndio rauta. Alafu kuna wifi yenyewe, yale mawimbi yanatoka kwa kiboksi mpaka kwa simu yako. Shida nyingi naona huku Kasarani, Zimmerman na Roysambu ni mtu anahangaika na kipande kizima na kile kimeharibika hajakigusa: anabadilisha paswadi wee mpaka anaisahau na kumbe waya imekatwa na lori huko nje, ama anagombana na kastoma kea siku nzima na laini yao iko poa kabisa, ni rauta tu ameificha nyuma ya tivii.

Kwa hivyo kabla ya kila kitu, tenganisha. Zima data ya simu kwanza, ju simu zingine zikiona wifi haina intaneti zinarudi kwa bando kimyakimya na utapata majibu ya uongo. Simama karibu na rauta, fungua brauza, andika ile namba iko kwa stika chini ya rauta, mara nyingi ni 192.168.100.1 ama 192.168.1.1 ama 192.168.0.1. Ukurasa wa kuingia ukifunguka, wifi yako ni nzima na shida iko kwa laini ama kwa akaunti. Ukikataa kufunguka na simu bado inasema umekonekti, shida iko hapo hapo kwa nyumba.

Na onyo moja mapema kabla mtu ajiharibie. Kuzima na kuwasha rauta ni sawa: chomoa kwa soketi, ngoja sekunde 30, rudisha, ipe dakika 3 ama 4 itulie. Lakini kale kashimo kadogo nyuma kameandikwa RESET, kale kanataka pini ama kijiti, achana nako. Kuzima ni kuzima, riseti ni kufuta. Kwa kampuni nyingi ukiibonyeza unafuta pia yuza nemu na paswadi za laini zenye fundi aliweka siku ya kwanza, na hapo hata faiba ikiwa nzima intaneti haingii mpaka wao wenyewe waipange upya. Ulikuwa na shida ndogo, sasa uko na mbili.

Rauta haiwaki taa hata moja

Cheki tokeni. Usicheke, hii hutokea, hasa kama ni wewe peke yako umeamka na hujajaribu taa ya nyumba. Stima ikiwa iko, chomeka chaja ya simu kwa hilo tundu la rauta uone kama inachaji, ju eksitensheni za mia mbili mia tatu huchoka ndani na kwa nje zinakaa mpya. Alafu kuna ile swichi ya nyuma ya rauta, watoto huipenda sana.

Kama soketi iko sawa, mshukiwa ni adapta. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, adapta ndio hufa kwanza, na hapo uko na bahati ju ni bei rahisi kuliko rauta. Lakini soma stika kabla ununue nyingine. Rauta nyingi za faiba zinataka volti 12, zingine za kawaida zinatumia 9, na volti lazima zilingane kabisa. Ampea ni tofauti, kama stika inasema 1A unaweza weka ya 1.5A ama 2A bila shida, lakini ukiweka ndogo itawaka, izime, iwake, na utadhani rauta imekufa. Angalia pia kale kamchoro ka duara kenye alama za kujumlisha na kutoa, yako na ya mpya zifanane.

Hapa acha na uite fundi wa stima: soketi imekuwa nyeusi, plagi inachoma mkono, kuna harufu ya plastiki kuungua, ama vitu kadhaa vilikufa pamoja, rauta na tivii na friji. Hio sio mambo ya wifi tena. Zima swichi kubwa, ita fundi, ambia na keateka, ju pengine ploti nzima iko na shida. Na usifungue adapta na bisibisi ati uone ndani, hio ni stima ya volti 240 unacheza nayo.

Taa nyekundu imeandikwa LOS

Hii ndio taa ya maana kuliko zote na ndio watu hawaisomi. LOS ikiwaka nyekundu ama ikipepesa nyekundu, maanake mwanga wa faiba haufiki kwa kiboksi, ama unafika ukiwa hafifu sana. Hakuna paswadi utabadilisha hapa ikusaidie. Taa ya PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika na kiboksi kimetambulika. PON ikipepesa tu bila kutulia, mwanga uko lakini mtambo wa kampuni haujakikubali.

Sababu ya kwanza kabisa, na iko ndani ya nyumba, ni waya kukunjwa. Ule waya mwembamba wa faiba ni glasi, ukiukunja kona kali mwanga unavujia hapo kwa kona. Fuata waya kutoka kwa rauta mpaka pale unatokea nje. Angalia mguu wa sofa, angalia mlango, angalia dirisha la vioo vya kusukuma, hapo ndio huwa umebanwa. Mara nyingi shida imeanza siku ile mlibadilisha mpangilio wa viti ju wageni wanakuja. Uachie upinde polepole, duara yake isiwe ndogo kuliko mdomo wa kikombe.

Pili ni kile kichwa cha kijani kinaingia chini ama nyuma ya rauta. Kinaweza kuwa kimetoka kidogo tu. Kisukume taratibu mpaka kilie tik. Usikichomoe ukakipuliza na mdomo, mate na vumbi kidogo tu pale mbele zinaziba mwanga.

Baada ya hapo sababu zingine ziko nje. Lori la mchanga limeingia ploti likavuta waya zinazoning'inia kwa geti, mtu amechoma takataka chini ya nguzo, watu wa barabara wamechimba, panya wametafuna pale juu ya dari. Toka nje uangalie kwa macho tu. Ukiona waya mweusi umelala chini ama unaning'inia, piga picha, tuma kwa kampuni, hio inaharakisha sana kuliko kusema "haishiki".

Onyo za hapa ni za ukweli, si za kutishana. Usiangalie ndani ya kichwa cha faiba ama kwa waya uliokatika, ule mwanga ni leza na hauonekani kwa macho, kwa hivyo kuona giza hakumaanishi hakuna kitu. Vipande vya glasi vikikatika ni vidogo kuliko nywele, vikiingia kwa kidole havionekani, usiache watoto wachezee. Na usipande nguzo. Nguzo nyingi hapa Nairobi zimebeba faiba na stima pamoja na kutoka chini huwezi jua gani ni gani. Kuunganisha faiba kunahitaji mashine ya kuchomelea glasi, selotepu haitafanya kitu.

Imekonekti lakini haina intaneti

LOS haiwaki, PON imetulia, simu iko na alama ya wifi kamili lakini hakuna kitu inafunguka. Anza na malipo. Sio ati hujalipa, pengine umelipa, lakini fungua ile meseji ya M-Pesa usome namba ya akaunti herufi kwa herufi. Tarakimu moja ikienda kombo pesa inaenda kwa mtu mwingine ama inaning'inia. Kama iko sawa, zima rauta uwashe, ju saa zingine laini ikirudishwa kiboksi hakijui mpaka kiamke upya.

Ikiwa simu moja tu ndio inakataa na zingine ziko sawa, shida ni hio simu. Cheki tarehe na saa, simu ikikaa bila chaji ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Cheki kama uliacha VPN imewaka. Futa hio wifi kwa simu kabisa alafu uingie upya na paswadi.

Kama WhatsApp inatuma meseji lakini tovuti hazifunguki, jaribu kubadilisha DNS kwa simu ama kwa rauta uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. DNS ndio hutafsiri jina la tovuti kuwa namba, ikilala unaona kama intaneti yote imelala.

Wale wa wifi ya ploti, ile unalipia ya siku ama ya wiki alafu simu inaingia yenyewe, kuna shida yenu wenyewe: umelipa jana, leo inakuambia ulipe tena. Mara nyingi sio wizi. Simu za siku hizi, Android kuanzia ya 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinatumia kitambulisho (MAC) cha kubuni kwa kila wifi badala ya kile cha kweli cha simu. Mtambo wa ploti umekuandika kwa hicho kitambulisho, kikibadilika, na kwa simu zingine kufuta wifi na kuingia upya kunaweza kukibadilisha, unaonekana mtu mgeni. Ingia kwa mipangilio ya hio wifi pekee, chagua MAC ya kweli ya simu badala ya ile ya kubahatisha, alafu uongee na mwenye wifi akuhamishie malipo.

Na kuna siku shida haiko Nairobi kabisa. Intaneti yetu ya nje inapita kwa nyaya za chini ya bahari zinazofika Mombasa. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini na Kenya nzima ikasota. Dalili yake ni ya ajabu kidogo, vitu vilivyohifadhiwa hapa karibu kama YouTube vinaweza kucheza sawa lakini mikutano ya kazi na tovuti za ng'ambo zinakwama. Uliza mtu wa kampuni tofauti na yako, akisema yeye pia, weka chai.

Inakatika-katika kila saa

Kuna mama mmoja hapa kwetu, nyumba yake ni safi utadhani hoteli, aliniita akaniambia, "Kijana, hii kitu nimelipa juzi na bado inazunguka tu." Rauta ilikuwa kwa wol yuniti, ndani ya kale kachumba ka chini, imefunikwa na kitambaa cha kushona cha maua, juu ya kitambaa kuna vesi, na dekoda chini yake inatoa joto. Niliigusa ikanichoma. Nikamwambia, "Mama, hebu tutoe hiki kitambaa kwanza." Ilikaa wazi juu ya kabati, na haikukatika tena jioni yote. Nilimwacha akitafuta mahali pengine pa kuweka vesi.

Joto ndio sababu ya kwanza ya rauta kukatika-katika. Ya pili ni plagi ya adapta iliyolegea pale nyuma, ukiitingisha taa zinazimika. Ya tatu ni stima yenyewe, jioni kila mtu akiwasha hita ya kuoga volti zinashuka na rauta inaamka upya kila mara. Hapo ile mini UPS (kabetri ka akiba) ya volti 12 inasaidia sana, na stima ikipotea inakuweka hewani masaa kadhaa, mradi tu uichague kulingana na volti na ampea za rauta yako.

Kama taa zinakaa zimetulia lakini simu tu ndio inatoka na kurudi, hapo ni mawimbi, soma zinazofuata.

Asubuhi iko moto, usiku inasota

Kwanza jua umelipia nini. Kampuni zinauza kwa megabiti kwa sekunde (Mbps) na simu ikidaunilodi inaonyesha megabaiti, gawanya kwa 8. Pakeji ya Mbps 10 ikiwa kamili inakupa kama megabaiti 1.25 kwa sekunde, faili la GB 1 ni dakika 13 na kitu. Hio sio kuibiwa, ni hesabu.

Alafu hesabu walio ndani. Netflix ya HD kamili inataka kama Mbps 5, ya 4K inataka 15, kwa hivyo tivii moja na watoto wawili wa TikTok wamemaliza pakeji ya 10 na wewe bado hujafungua laptopu. Kwa ukurasa wa rauta kuna orodha ya vifaa vilivyoingia, ipitie. Ukipata simu hujui, badilisha paswadi, weka usalama wa WPA2 ama WPA3, zima WPS (ile ya kuingia kwa kitufe ama pini bila paswadi), na ujue siku hizi mtu hahitaji kuambiwa paswadi, simu yoyote iliyo ndani inaweza onyesha ule mchoro wa QR na mtoto wa jirani akaupiga picha kwa ngazi.

Vifaa vikiwa vyako tu na bado inasota, ni jam ya mawimbi. Kwa fleti za Pipeline ama Umoja, nyumba zimebanana na kila moja iko na rauta, na zote zinapiga kelele kwa bendi (njia ya mawimbi) ya 2.4GHz. Bendi hio iko na chaneli tatu tu ambazo hazigongani: 1, 6 na 11. Daunilodi programu ya kupima wifi, uone majirani wamejaa wapi, uhamie ile iko na watu wachache, na upana wa chaneli uwache 20MHz. Usichague 12 ama 13 hata zikikaa tupu, simu zingine zilizoletwa kutoka Marekani hazizioni kabisa. Bora zaidi, simu na laptopu zihamishie 5GHz kama rauta iko nayo, huko nafasi ni kubwa.

Ukitaka kujua kama ni kampuni, chomeka laptopu kwa rauta na kebo, toa kila mtu kwa wifi, upime spidi saa nne asubuhi na saa tatu usiku. Kwa kebo ikiwa nzuri mara zote, kampuni haina makosa. Ikishuka usiku hata kwa kebo, hio ni laini yao imelemewa, piga picha za vipimo zote na saa zake. Lakini cheki kebo pia, ikiwa ni ya nyaya nne ndani badala ya nane haitavuka Mbps 100 hata ufanye nini.

Sitting rum iko sawa, bedrum hakuna kitu

Nyumba zetu ni za mawe, na jiwe la Ndarugo la inchi 9 halina huruma kwa 5GHz. Slabu yenye vyuma ni mbaya zaidi, ndio maana rauta ya chini haifiki juu kwa mezanini. Kioo kikubwa cha kabati, friji, tangi la maji na mabati pia zinaziba. Hamisha rauta kwanza kabla ununue chochote, iweke juu, wazi, katikati ya nyumba, hata kwa korido. Kama waya wa faiba haufiki usiuvute kwa nguvu, itisha fundi wa kampuni auongeze.

Zile ekstenda za kuchomeka ukutani sizipendi, nyingi zinasikiliza na kusema kwa chaneli moja kwa hivyo spidi inapungua karibu nusu, na watu huziweka ndani ya bedrum kwenyewe ambako hakuna kitu ya kurudia. Kama lazima, iweke njiani, mahali mawimbi bado yapo. Lakini rauta ya pili kwa kebo ni bora mara mia. Chomeka kebo kutoka tundu la LAN la ya kwanza hadi tundu la LAN la ya pili, sio lile la WAN, zima DHCP (ile kazi ya kugawia vifaa namba) kwa ya pili, na ubadilishe namba yake isigongane na ya kwanza, kwa mfano ya kwanza ikiwa 192.168.100.1 ya pili iwe 192.168.100.2. Jina na paswadi ziweke sawa, simu itajihamisha yenyewe ukitembea. Usipitishe kebo ya shaba kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa hewa, radi za mvua ndefu zitaingia nayo hadi kwa laptopu.

Tivii ama printa haioni wifi yako

Hii ni fupi. Vifaa vingi vya bei ya chini vinaona 2.4GHz tu. Kama ulizima 2.4 ju ulisikia 5 ni tamu, iwashe. Kama usalama umeweka WPA3 pekee, rudisha WPA2.

Ukipiga simu kwa kampuni

Uwe na namba ya akaunti, rangi na hali ya LOS na PON, saa shida ilianza, kama majirani wa kampuni hio hio pia wamezima, na ni nini umeshajaribu. Sema "LOS nyekundu tangu saa mbili, waya wa nje umelala chini" na utaruka yale maswali yote ya zima uwashe. Itisha namba ya tiketi na uiandike. Siku zikipita na hakuna kitu inafanyika, peleka malalamishi Mamlaka ya Mawasiliano na hio tiketi, bila hio tiketi huna pa kuanzia.